Oili Chafu Ilipokuwa na Mwenyewe

Juzi, kwenye gereji moja nyuma ya soko la vipuri la Kisekka, Kampala, kijana anayejifunza ufundi alivuta beseni chini ya injini akalimwaga mtaroni. Nikamuuliza oili ile inakwenda wapi. "Inaenda na maji, mzee," akasema, akarudi uvunguni. Ndivyo: mfereji wa Nakivubo unaipeleka Bugolobi hadi Ghuba ya Murchison, na maji ya ghuba hiyohiyo ndiyo yanayovutwa Gaba tukayanywa.

Zama za magendo, bidhaa zilipopatikana kwa mlango wa nyuma tu, asingethubutu. Oili ya kopo ilikuwa haionekani, na bondeni hapo alikaa mzee tuliyemwita Hajji, mnunuzi wa oili chafu kwa debe. Hujafika kwake, harufu imeshakufikia: oili iliyoungua, mafuta ya taa, magunia yaliyolowa. Pipa la kwanza halikuguswa kwa siku kadhaa, maji na masizi vitue chini. Kisha aliteka ya juu, akaichuja kwa kitambaa cha kanzu kuukuu. Filta aliitoboa kichwani ingali na moto, akaiinamisha juu ya wavu mpaka asubuhi, maana ikitupwa vilevile huondoka na oili tumboni. Chuma chake kiliuzwa skrepa. Oili ilichukuliwa na wenye malori makuukuu, na wauza mbao wa Ndeeba waliopaka nguzo zisiliwe na mchwa, na waashi waliopaka mbao zisishikane na zege.

Haikuwa salama yote. Oili iliyotumika hubeba risasi na zinki, na nguzo huziachia ardhini. Lakini kila debe lilikuwa na mwenyewe.

Baadaye zikaja sheria: iliyoleta NEMA, mamlaka ya mazingira, ni ya 1995, kanuni za taka ni za 1999. Lakini mtaro hausomi sheria.

Yakaja magari ya mtumba kutoka Japani, zikaja bodaboda, oili ikajaa madukani. Hajji akafariki, bonde likaota maghorofa. Sheria nyingine ikatungwa 2019, na beseni bado linamwagwa mchana kweupe. Inaniudhi, kwa sababu dawa yake si ngumu. Gari likitiwa lita nne mpya, karibu lita nne chafu zimetoka. Kwa hiyo muuza oili anajua tayari kiasi kinachotakiwa kurudi. Kila duka la oili Kisekka liwekewe pipa la kupokelea, na fundi anayerudisha alipwe, hata kidogo. Hajji alilipa, ndiyo maana hakuna aliyemwaga.