Ufunguo wa Kanisa Uko kwa Nani?

Huku Ufaransa, ukilikuta kanisa la kijiji limefungwa, usihangaike kumtafuta padri. Mara nyingi ufunguo uko ofisi ya meya, au kwa bibi fulani anayekaa jirani. Chanzo ni sheria ya 1905 iliyotenga dini na dola: makanisa ya parokia yaliyokuwepo kabla yake, kwa sehemu kubwa, ni mali ya kijiji. Padri anaendesha ibada. Paa likivuja, anayekuna kichwa ni meya.

Majirani waliyajali makanisa hata kabla ya sheria hiyo. Chukua kanisa la Mtakatifu Martin kule Vic, mkoa wa Indre. Mwaka 1849 padri wa hapo aligundua picha za karne ya 12 zilizokuwa zimefunikwa kwa chokaa. Jirani yake, mwandishi George Sand wa Nohant, akapiga mbiu, na Prosper Mérimée, mkaguzi mkuu wa majengo ya kale, akaitikia. Leo unawaona ukutani watawa wa Tours wakiupitisha mwili wa Martin dirishani usiku, huku waliopaswa kuulinda wamelala fofofo.

Kwetu, pwani ya Kenya, pia tunazo kuta za kuringia. Malindi kuna kikanisa cha Wareno, kuta nyeupe, paa la makuti, makaburi yamekizunguka. Mmisionari Francis Xavier alitua mji huo mwaka 1542 akielekea Goa, akamzika mmoja wa wasafiri wenzake. Mnarani, juu ya hori la Kilifi, kibla cha msikiti mkuu kimechongwa maandishi ya Kiarabu kwenye jiwe la matumbawe: mafundi wetu walitumia patasi pale ambapo wa Vic walitumia rangi. Na Rabai, ambako mmisionari Krapf alianzisha misheni mwaka 1846, bado watu wanasali katika kanisa la Mtakatifu Paulo la 1887.

Kikanisa cha Malindi na Mnarani viko chini ya Makumbusho ya Taifa. Nashukuru, maana kiwanja cha ufukweni kisicho na mlinzi hakichelewi kuota hoteli. Lakini sheria inazuia tu jengo lisibomolewe; wa kuona ufa ukianza ni yule anayepita hapo kila siku. Wengi tuliokulia Malindi tuliingia kikanisani humo kwa safari ya shule, tukahesabiwa mlangoni, tukarudi kwenye basi. Hatukuambiwa kwamba ni petu.

Ajabu ni kwamba ufundi tunao. Huku Ufaransa, kumpata fundi anayejua chokaa ya kale ni kazi, na bei yake haishikiki. Pwani, makuti ya viungo yanatengenezwa vijijini hadi leo: majani yanakunjwa kwenye ufito, yanashonwa, kisha yanapangwa juu ya boriti kuanzia chini kwenda juu, safu ikilalia safu. Na kwa kuwa makuti hayadumu miaka mingi, kila kizazi kinapata nafasi ya kuezeka upya.

Tangu 1984 Wafaransa wana Siku za Urithi kila Septemba, milango ikiachwa wazi. Kaunti ya Kilifi na Makumbusho waige hilo, kisha waongeze letu: siku ya kuezeka, vijana wa mtaa wakipanda juu pamoja na mafundi. Nawe msomaji uliye Malindi au Kilifi, usingoje kualikwa. Wapeleke wanao Jumamosi hii, na mkiona panapovuja, semeni.