Kuchagua Chombo cha Kazi

Chombo cha kazi ni mkono wa pili wa mtu. Akichagua chema, humwongezea nguvu. Akichagua kibaya, humla fedha na moyo pamoja. Mwenye mali nyingi aweza kununua mara tatu, akakosea mara mbili, na bado akalala usingizi. Mwenye mali haba hupewa nafasi moja tu.

Jambo hili lilinijia kwa wifi yangu wa Tanga, mjane wa marehemu kaka yangu. Alipotoka edani alikuwa na watoto watatu, shilingi 400,000 za upatu, na nia ya kutomwomba mtu. Moyo wake uligawanyika baina ya cherehani na mashine ya umeme ya kuokea mkate, ambayo jirani aliisifu kuwa hukanda, huumua na kuoka yenyewe. Akaniambia, "Wifi, wewe ndiwe msomi wetu, nichagulie." Udaktari wangu ni wa lugha, wala haukunifundisha ushoni, walakini hesabu ndogo haihitaji shahada.

Mashine ile huoka mkate mmoja kwa muda wa saa tatu hivi. Ikiwashwa alfajiri na kuzimwa magharibi, itatoa mikate minne. Hicho ni chakula cha nyumba, si bidhaa ya kulisha nyumba. Tena umeme ukikatika katikati ya kazi, kinachobaki ndani si unga wala si mkate. Tanuri la udongo halina fahari, lakini huoka mikate mingi kwa moto mmoja. Kwa mtu mwenye mshahara, anayependa mkate wa moto asubuhi, mashine ile ni starehe njema; kwa mjane atafutaye riziki, ni mgeni wa kulishwa.

Cherehani nayo ina mitego yake. Elias Howe wa Marekani alipata hataza ya cherehani mwaka 1846, na Isaac Singer akapata yake mwaka 1851. Bei ilizidi uwezo wa nyumba nyingi, hata mwaka 1856 kampuni ya Singer ikaanza kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo. Tangu hapo cherehani na deni ni majirani wa karibu. Wifi alikuwa na fedha taslimu, nami nilimsihi asiivuke akiba yake kwa tamaa ya mashine yenye mishono hamsini. Mwanafunzi ahitaji mshono mmoja ulionyoka, na njia ya kurudi nyuma ili kufunga uzi.

Tulimwendea fundi mmoja wa Ngamiani, mtu wa maneno machache. Alitukataza vile vicherehani vya plastiki vinavyotumia betri, kwa kuwa hushindwa na pindo la khaki. Akatuonyesha cherehani ya chuma ya kukanyaga, iliyokwisha kutumika, akasema, "Mama, usiitazame rangi, isikilize." Tulizungusha gurudumu kwa mkono, likaenda bila kukwama. Tulishona kitambaa chembamba kwa sindano namba 11, kisha khaki iliyokunjwa mara nne kwa sindano namba 16. Tulitazama mshono pande zote mbili: uzi wa juu na uzi wa bobini sharti vikutane katikati ya nguo, kimoja kisimvute mwenziwe. Mwisho alituuliza kama bobini, mkanda na sindano zake zinapatikana dukani karibu. Swali hilo lapita yote, maana chombo kisicho na vipuri ni maiti inayongoja siku yake.

Cherehani ile haikumaliza fedha zote. Zilizobaki zilinunua mkasi, nyuzi, futi ya kupimia na vitambaa vya kujifunzia. Hapo ndipo wengi hupotea: huhesabu bei ya chombo, wakasahau bei ya kukitumia. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Msomaji mpenzi, ukitaka kununua chombo kwa fedha haba, kiulize maswali matatu: kitanipa nini kwa siku moja, kitakula nini kila mwezi, na kikiugua nani atakitibu? Kisichoweza kujibu, kiache kwa mwenye duka. Uzuri wake wa dukani hautakulipia karo ya mtoto.