Jina Lako Likiibiwa, Usinyamaze



Juma hili tunapenda tutafakari pamoja juu ya wizi wa namna ya pekee. Aliyeibiwa huamka asubuhi akakuta mlango umefungwa kama alivyouacha, mbuzi wote wamo zizini, na akiba yake haijaguswa. Hata hivyo ameibiwa, maana mahali fulani kuna mtu anayekopa, anayetapeli na kupokea fedha kwa kutumia jina lake.

Wahenga walisema kuwa jina jema hung'aa gizani. Zamani jina la mtu lilitunzwa na majirani: ukitaka kumjua fulani, uliwauliza wanaochota naye maji. Siku hizi sehemu kubwa ya jina hilo imo katika tarakimu 20 za namba ya NIDA, ambazo nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mwezi Mei 2019 nchi yetu ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na kuanzia Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Lengo lilikuwa jema, yaani kumnyima mhalifu nafasi ya kujificha nyuma ya jina la uongo. Lakini mhalifu naye hutafakari. Akinyimwa jina la uongo, hutafuta jina la kweli, na hapo ndipo linapotafutwa la kwako.

Wizi huu si mgeni duniani. Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 27, tunasoma jinsi Yakobo alivyojivika ngozi za wana-mbuzi ili aipate baraka ya kaka yake. Mzee Isaka hakuwa mzembe. Macho yake yalikuwa yamefifia, naye aliishuku ile sauti; lakini alipoipapasa mikono, aliona kuwa ni ya Esau, akaamini. Kipimo alichokitegemea ndicho kilichomdanganya. Siku ile watu wawili walidhulumiwa kwa pamoja, aliyeibiwa jina na aliyedanganywa kwa jina hilo. Tunaomba tukumbuke jambo hili, kwani tutalirudia.

Miezi michache iliyopita tulitembelewa ofisini na mama mmoja mjane, mkulima wa alizeti wa kimojawapo cha vigango vyetu hapa Manyoni. Ameturuhusu tusimulie habari yake bila kumtaja. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amefika nyumbani kwake pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, akidai fedha alizozituma kwa ajili ya magunia ya alizeti ambayo hayakufika kamwe. Namba ya simu iliyopokea fedha hizo ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mama huyu. Yeye ana kitochi kimoja tu na laini moja, na hakuwahi kuongea na mtu huyo. Kabla jua halijatua, kitongoji kizima kilikuwa kimesikia kwamba mjane fulani ni tapeli.

Tulipoongea naye taratibu, alikumbuka siku ya mnada, alipokwenda kwa kijana mmoja wa chini ya mwamvuli ili asajiliwe laini. Kijana alimwambia kuwa vidole vyake vimesuguliwa na jembe, havisomeki, hivyo abonyeze tena, na tena. Maelezo hayo yalikuwa na chembe ya ukweli, kwani mikono ya wakulima wetu kweli husumbua mashine, na kwa sababu hiyo hakushuku lolote. Mara moja ilitosha kwa laini yake. Zile nyingine zilikuwa kwa ajili ya laini ya mtu mwingine.

Mama huyu alitaka kunyamaza. Alisema atauza mbuzi, amlipe yule bwana, mambo yaishe. Tulimsihi asifanye hivyo, maana kulipa deni usilolikopa huonekana kama kukiri, na yule mwenye laini angeendelea kuitumia kesho na keshokutwa. Badala yake tulifuatana naye hatua kwa hatua, na hatua hizo tunaziandika hapa ili yeyote atakayepatwa na balaa hili asianze kwa kupapasa.

Kwanza, tunzeni ushahidi. Msifute ujumbe wowote hata kama unaudhi. Andikeni namba iliyohusika, tarehe, saa na kiasi cha fedha.

Pili, kama ni laini yenu wenyewe iliyotekwa au simu iliyopotea, pigieni mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wenu, hata kwa simu ya jirani, muombe laini na akaunti ya fedha zifungwe. Hapa kila dakika ina thamani. Kama akaunti ya benki imeunganishwa na namba hiyo, benki nayo ijulishwe siku hiyohiyo, na namba zote za siri zibadilishwe.

Tatu, hakikini laini zilizosajiliwa kwa namba yenu ya NIDA kwa kupiga *106# na kufuata maelekezo. Kwa kuwa mitandao ni mingi, ni vema kuhakiki katika kila mmoja. Mkikuta namba msiyoitambua, nendeni katika duka la mtandao husika, si kwa wakala wa barabarani, muikane na kuomba ifutwe. Mama yetu alikuta laini mbili asizozijua.

Nne, nendeni polisi. Toeni taarifa, mpewe namba ya RB, na mtunze namba hiyo kama mnavyotunza hati ya shamba. Yeye atakayewadai kesho ataonyeshwa kwamba mlilalamika. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta kuwa ni jinai, kwa hiyo asiwepo wa kuwaambia kwamba hilo ni jambo dogo la simu.

Tano, ujumbe wa kitapeli pelekeni kwenda namba 15040, ili namba ya mhalifu ifuatiliwe. Na kama taarifa zenu zimevujishwa na taasisi mliyoziamini, fahamuni kwamba tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume inayopokea malalamiko ya wananchi.

Sita, jihadharini na mwizi wa pili. Huja baada ya wa kwanza, kwa sauti ya upole, akiahidi kuzirudisha fedha zenu mkimtumia kwanza ada kidogo au namba ya siri. Hakuna ofisa wa kweli anayehitaji namba yenu ya siri.

Iko hatua ya saba, ambayo haimo katika mabango ya ofisi yoyote, nayo ni kulirudisha jina pale lilipochafuliwa. Laini zile zilifungwa, lakini kufungwa kwa laini hakukufuta maneno yaliyokwisha kusemwa kisimani. Kwa ridhaa ya mama huyu, viongozi wa jumuiya yake walieleza habari yote hadharani siku ya sala ya jumuiya, na mwenyekiti wa kitongoji naye akasema maneno yaleyale mbele ya mkutano wake. Uvumi ulipita mdomoni mwa wengi. Ilibidi na ukweli upite njia hiyohiyo.

Na yule mfanyabiashara? Tunakiri kwamba mwanzoni alikuwa mkali, naye alikuwa na haki ya kuumia, kwa sababu fedha zake zilikuwa zimekwenda kweli. Hapa tunarudi kwa Isaka na Esau. Mwizi wa jina huwaacha waliodhulumiwa wawili wakitazamana kwa hasira, naye mwenyewe hayupo. Walipokaa pamoja kituoni, kila mmoja na karatasi yake mkononi, bwana yule alitambua kwamba mbele yake ameketi mwenzake katika hasara, na taarifa zao mbili zikaungana kuwa shauri moja. Hadi tunapoandika, fedha hazijapatikana na kijana wa mwamvuli hajulikani alipo. Lakini katika msimu uliofuata bwana huyo alirudi na mizani yake, akanunua alizeti ya mama huyu palepale uani, mbele ya majirani.

Tuwaombe basi vijana wenye simu kubwa wawasaidie wazee wao kuhakiki laini juma hili. Ni kazi ya dakika chache. Na tukisikia kwamba fulani ametapeli kwa simu, tuulize kwanza kama ni yeye, au ni jina lake tu.

Tunawatakieni juma jema lenye amani. Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.