Kisu cha Baba

Nilipokuja kuanza Kidato cha Kwanza, baba alinipa kisu chake cha kukunja, aina ya Opinel, kitokacho Ufaransa. Visu hivi vilianza kutengenezwa Savoie mwaka 1890. Mpini ni mti mtupu wa kipande kimoja, umechanwa mfereji ambamo bapa hulala. Baba alikitumia miaka mingi kumenyea machungwa na kukatia kamba, wala mpini haukupata ufa.

Mimi nilikiharibu kwa siku moja. Mwalimu wa kilimo hukitunza kabatini, hunipa siku za kazi za shamba tu. Jioni moja nilikisahau, kikiwa kimekunjwa, ndani ya ndoo ya maji. Asubuhi mti ulikuwa umevimba ukalibana bapa, hata halikufunguka. Kwa haraka nikakianika juani juu ya bati. Jioni nikaona ufa mwembamba kama unywele.

Fundi seremala alicheka kidogo, kisha akanieleza. Mti hunywa maji ukatanuka; ukikaushwa ghafula, nje hutangulia kukauka kabla ya ndani, ndipo hupasuka. Ningalikiweka kivulini siku kadhaa kingalipona. Hata mpingo, ulio mzito hata huzama majini, hupasuka ukikaushwa kwa pupa. Akaupaka mafuta ya kitani.

Wenzangu wenye visu vya mipini ya plastiki hunitania (na kweli, vyao haviogopi maji). Mimi sikibadili.

Likizo inakaribia, na baba atakiomba amenyee chungwa. Nimeyapanga maneno ya kumwambia, lakini najua ufa atauona kabla sijafungua kinywa.