Ile P ya pneumonia

Nimepotea kidogo, mitihani imetubana hapa Mlimani.

Jumamosi nilikwenda Madale kwa mama mdogo, kula wali wa bure maana boom lilishakata. Mdogo wangu wa darasa la tatu akachukua kitabu changu cha kozi, akasoma jalada kwa sauti: "Pi-si-cho-lo-gi." Nikacheka. Halafu nikanyamaza, nilikumbuka jambo.

Huyu huyu, akiwa na miaka miwili, aliugua kifua. Zahanati walimwambia mama yake ni kichomi, wakampa dawa. Jioni mama mdogo akanipa kadi: "Hebu nisomee mwanangu, wameandika nini hapa?" Nilikuwa kidato cha pili, najiona msomi kweli. Nikasoma Kiswahili-Swahili, kila herufi na haki yake: pi-ne-u-mo-ni-a. Akashtuka. "Ugonjwa gani tena huo? Basi dawa hizi si zake!" Akaziweka kando. Dozi ya usiku ikapita hivi hivi, mtoto anahema kwa shida. Asubuhi jirani yetu, nesi mstaafu, akaitazama kadi: "Si nimonia hii jamani? Mpeni mtoto dawa haraka!"

Alipona, namshukuru Mungu.

Nimonia tunaijua wote. Neno ni la Kigiriki: pneumon ni pafu, na -ia huonyesha hali. Wagiriki wa kale waliitamka ile p. Waingereza wanaiandika tu, hawaitamki. Sisi tukaandika kinachosikika: ni-mo-ni-a, silabi nne, kila moja inaishia na irabu, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ndivyo psychology nayo ilivyokuwa saikolojia. Na kichomi? Ki-chom-i, kutoka choma, maana mbavu huchoma kweli. Ugonjwa ule ule, majina mawili ninayoyajua tangu utotoni, na kwenye kadi sikuona hata moja.

Walimu wenzangu watarajiwa, tusiwacheke watoto. Nilimwambia dogo, "Umesoma vizuri, ila hiyo p haitamkwi." Tukaifunika kwa kidole, akarudia nami: sa-i-ko-lo-ji-a.

Mama mdogo akaitikia kutoka jikoni: "Na ile nyingine mfundishe!"

Alamsiki.