Mshindi Ametangazwa, Wimbo Wake Uko Wapi?

Tarehe 12 Desemba 2010 watu zaidi ya milioni 17 wa Uingereza walikaa mbele ya televisheni wakamwona Matt Cardle akitangazwa mshindi wa The X Factor. Wa pili alikuwa Rebecca Ferguson. Nafasi ya tatu ilikwenda kwa vijana watano ambao miezi michache kabla ya hapo hawakuwa kundi. Kila mmoja alikuja kwenye usaili kivyake, kila mmoja akakatwa, kisha majaji wakawaunganisha na kuwapa nafasi ya mwisho. Hao ndio One Direction. Muulize leo binti yeyote wa Kinondoni au Kisauni nani alishinda usiku ule, hatajua. Wale wa tatu anawajua kwa majina, na Liam Payne alipofariki Buenos Aires Oktoba 2024, picha yake ilijaa kwenye status za watoto wa ndugu zangu walioko Dar es Salaam.

Nayaandika haya kwa sababu kila msimu wa Bongo Star Search (BSS), shindano la uimbaji la Tanzania, ukikaribia, kundi la WhatsApp la ukoo wetu hugawanyika. Kaka zangu wanasema mashindano haya yanawapotezea vijana muda, na ushahidi wao ni kwamba washindi hawasikiki. Binamu zangu wanasema ubovu ni wa kwetu, kwamba huko Ulaya ukishinda umeshatoka. Safari hii mjadala umeingia nyumbani kabisa. Binti wa kaka yangu, mwenye sauti ambayo ukiisikia kanisani lazima ugeuke utazame inatoka kwa nani, ameniuliza, "Shangazi, niende kwenye usaili au nisiende?" Mimi naishi Leicester. Nimeviona vipindi hivi vikiitikisa nchi hii, na nimeviona vikififia mpaka X Factor yenyewe ikafungwa mwaka 2021. Jibu langu kwake ni refu, na sehemu kubwa yake inahusu Jumatatu inayofuata baada ya fainali.

Huku, Jumatatu hiyo ilikuwa imepangwa mapema. Simon Cowell, jaji mkuu, ndiye huyohuyo mwenye lebo ya Syco iliyokuwa ikimsainisha mshindi. Wimbo wa ushindi ulikuwa umesharekodiwa na kila aliyefika fainali, unangoja tu jina la atakayeshinda ndipo uingie sokoni kabla ya Krismasi. Mtambo huo ulikuwa na nguvu za kutisha. Will Young, mshindi wa kwanza wa Pop Idol, shindano lililoitangulia X Factor, aliuza nakala zaidi ya milioni moja katika wiki ya kwanza mwaka 2002. Kuanzia 2005 hadi 2008 washindi wanne mfululizo wa X Factor walikamata namba moja ya Krismasi, mpaka 2009 wananchi walipochoka, wakafanya kampeni Facebook na kuipandisha bendi ya Rage Against the Machine juu ya mshindi wa mwaka huo, Joe McElderry.

Sasa tazama wimbo wenyewe ni wa nani. Ule wa Matt Cardle ulikuwa umetungwa na bendi ya Uskoti, Biffy Clyro, ukabadilishwa jina tu. Wa Leona Lewis mwaka 2006 ulikuwa umeshaimbwa na Kelly Clarkson aliposhinda American Idol 2002. Wa Alexandra Burke ni wa Leonard Cohen. Kwa hiyo redio zikiupiga wimbo wa ushindi asubuhi mpaka usiku, mirabaha ya utunzi inakwenda kwa mtu mwingine. Na ule mkataba wa pauni milioni moja uliokuwa ukitangazwa kwa mbwembwe, ndani yake zilihesabiwa gharama za kurekodi na za kumtangaza msanii. Binamu zangu wanaodhani mshindi alikuwa akiondoka na milioni mfukoni, hapo ndipo wanapopotea.

Mfano ninaoujua kwa karibu ni wa hapa mjini. Desemba 2013 nilikuwa nikifanya zamu za jioni kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Sam Bailey, askari magereza, mama wa watoto, mkazi wa Leicester, alikuwa amefika fainali. Bibi mmoja alikuwa amepakata simu ya mezani, miwani puani, anasoma namba kwenye televisheni na kubonyeza tarakimu mojamoja. Akikosea anakata, anaanza upya, nami nimesimama pembeni na trei ya dawa nikingoja amalize. Kila simu inatozwa, lakini hakujali, alikuwa anampigia kura binti wa kwao. Mcheza kwao hutunzwa, na Leicester ilimtunza kweli. Sam alishinda, wimbo wake ukawa namba moja Krismasi ile, albamu yake ikawa namba moja Machi 2014. Kufikia mwanzoni mwa 2015 yeye na Syco walikuwa wameshaachana.

Hata hivyo hakupotea, na hapa pana tofauti kubwa kati ya huku na nyumbani ambayo sioni ikitajwa. Nchi hii ina soko la pili la waimbaji. Kila mji wenye ukumbi wa maana hufanya panto wakati wa Krismasi, mchezo wa jukwaani wa familia ambamo watoto wanazomea mbaya wa hadithi na kumwonya shujaa kwa kelele. Shoo zinakwenda wiki kadhaa, mara nyingi mbili kwa siku, na jina lililowahi kuonekana televisheni linauza tiketi. Ukiacha panto, kuna michezo ya muziki inayozunguka nchi nzima, kuna meli za watalii, kuna kumbi za miji ya pwani. Sam Bailey amefanya panto na michezo ya muziki. Alexandra Burke alicheza Sister Act na The Bodyguard. Shayne Ward, mshindi wa 2005, alipata kazi kwenye tamthilia ya Coronation Street. Hawapo tena kwenye chati, lakini wanafanya kazi kwa sauti na sura zao, wanalipa kodi ya nyumba, watoto wanakwenda shule. Kwangu hayo ni maisha ya heshima kabisa, na sipendi tunavyowaita watu kama hao walioshindwa.

Walioendelea kutamba kwenye chati ni wachache, na wengi wao wana kalamu. James Arthur alishinda 2012, akaachwa na lebo 2014, watu wakamzika. Akarudi 2016 na wimbo alioshiriki kuutunga mwenyewe, Say You Won't Let Go, ukawa namba moja. Little Mix, walioshinda 2011, walishiriki kutunga nyimbo zao nyingi, wakadumu zaidi ya miaka kumi. Becky Hill hakushinda hata kidogo, aliishia nusu fainali ya The Voice mwaka 2012. Akaenda kukaa na maprodyuza wa muziki wa dansi, akaandika, na 2022 na 2023 akachukua tuzo ya Brit ya muziki huo. Leona Lewis aliyesimama kwa sauti tupu namheshimu sana, ila sauti ile haizaliwi kila mwaka, na nyuma yake kulikuwa na watunzi wakubwa waliolipwa na lebo tajiri.

Turudi nyumbani. Madam Rita Paulsen na Benchmark Productions, waandaaji wa BSS, wamefanya kazi ambayo serikali haikuifanya. Wamekwenda mikoani, wakawaita vijana waimbe bila kuhitaji kujuana na mtu mjini. Kwa hilo nawashukuru. Lakini Jumatatu yetu haina lebo inayongoja. Walter Chilambo aliposhinda 2012 alipewa shilingi milioni 50. Kijana wa miaka ishirini na kitu anapewa hundi mbele ya nchi nzima, simu zinaanza kuita kabla hajafika nyumbani. Shangazi anaumwa, mjomba ana kesi ya kiwanja, jirani aliyempigia kura anakumbusha. Zikibaki, anaingia studio kutafuta wimbo wa kwanza wa kwake, kwa sababu msimu mzima aliimba nyimbo za watu. Halafu video, halafu promo redioni, na wimbo mmoja ukitoka haumfanyi mtu msanii, wanataka wa pili na wa tatu wakati wa kwanza haujapoa. Mdhamini naye mkataba wake ulikuwa wa msimu, ameshaondoka.

Hata Tusker Project Fame, iliyokuwa na fedha za kampuni ya bia, chuo cha ndani na walimu wa sauti, ilifundisha zaidi kuimba vizuri nyimbo za Marekani. Valerie Kimani wa Kenya alishinda 2006, Alpha Rwirangira wa Rwanda 2009, Ruth Matete wa Kenya 2012, Hope Irakoze wa Burundi 2013. Kila mmoja alikuwa na sauti. Mashabiki wa Afrika Mashariki hawanunui kava. Wanataka wimbo unaosema maneno yao, wenye kibwagizo wanachoweza kukiimba kwenye daladala kesho yake.

Waliotoka, wametokea wapi basi? Harmonize alikwenda BSS akakatwa, kisha 2015 akatoka na Aiyola chini ya Diamond Platnumz, ndani ya lebo yake ya WCB, mahali ambapo wimbo, video, mitandao na ratiba ya shoo vinapangwa na watu haohao. Diamond mwenyewe hakuibuliwa na shindano la televisheni. Barnaba, Mwasiti, Linah na Ditto walilelewa THT, nyumba ya vipaji ya marehemu Ruge Mutahaba, walikofundishwa kutunga, kupiga ala na kuimba na bendi. Tukirudi nyuma zaidi, NUTA Jazz ilipoundwa 1964 wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wa chama cha wafanyakazi. Kijana aliingia, akakaa chini ya wakubwa, akajifunza kuitikia kabla ya kupewa kuongoza. Muhidin Gurumo alipita njia hiyo, akaimba zaidi ya miaka 50. Na uchungu wake tunaujua wote. Alistaafu 2013 bila gari, akapewa na Diamond, kijana wa kizazi kingine. Kudumu midomoni mwa watu hakukumlipa, kwa kuwa mirabaha ya nyimbo zake haikuwa ikimfikia kama inavyostahili. Ugonjwa huo unawala washindi wa mashindano na wasioshiriki pia.

Kuna soko moja la pili ambalo sisi tunalo, na nadhani linafanya kwetu kazi inayofanywa na panto huku. Ni muziki wa injili. Chilambo alihamia huko akasimama imara. Ruth Matete naye. Msikilizaji wa injili hamdai mwimbaji kiki kila wiki. Wimbo wake ukikubalika unaimbwa na kwaya, unapigwa harusini, unafariji msibani, na mwaliko wa tamasha unakuja miaka kumi baada ya kurekodiwa. Filamu zimewapokea wengine, kama Hemedy PHD wa Project Fame. Kaka zangu wanaosema washindi hawasikiki wanasikiliza stesheni moja tu.

Sitaki kusahau lile kundi la Wakilisha, Langa, Witness na Shaa, waliopatikana kwenye Coca-Cola Popstars mwaka 2004. Shindano hilohilo kwa Uganda lilitoa Blu*3. Makundi hayo hayapo tena. Lakini Shaa aliendelea peke yake, Langa aliandika mistari yake mpaka alipotutoka 2013, na Cindy wa Blu*3 ni jina kubwa Kampala mpaka leo. Shindano liliwakutanisha na kamera. Yaliyofuata waliyafanya kwa mikono yao, wakati kundi limeshavunjika na hakuna aliyekuwa akiwaangalia.

Kwa hiyo, mwanangu, nenda kwenye usaili. Nenda na nyimbo zako mwenyewe zilizokwisha kusajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na ukipewa nafasi ya kuchagua, imba yako. Karatasi yoyote ya mkataba utakayopewa, nipigie picha kila ukurasa kabla hujaweka saini, tutafute mwanasheria wa kuisoma. Tuangalie nani atamiliki rekodi, kwa miaka mingapi, na ukitaka kuondoka utatoka vipi. Usiache kuimba kanisani msimu ukiisha.

Kwa waandaaji na wadhamini nina ombi ambalo haliwaongezei gharama kubwa. Zile fedha za ushindi zisitoke zote kama hundi. Mshindi apewe sehemu yake ya kusaidia nyumbani, nyingine ilipe prodyuza na mtunzi wa kukaa naye mwaka mzima, nyingine bendi ya kufanya nayo mazoezi, nyingine meneja anayewajibika kwa maandishi. Kumi bora wote, hata walioondoka mapema, wapate mafunzo ya utunzi na ya hakimiliki kabla ya kurudi mikoani. Mdhamini anayelipia matangazo ya miezi mitatu asaini kwa miezi kumi na miwili. Na usiku wa fainali, ile hundi kubwa ya maboksi ikipandishwa jukwaani, mkataba nao upandishwe, usomwe hewani vipengele vyake, ili sisi tuliopiga kura tujue kijana wetu amekabidhiwa kwa nani.