Hewa Ndani ya Mafuta

Mwaka 2010 nilikuwa na lori dogo la dizeli lililokuwa likibeba mizigo ya wafanyabiashara wa Kariakoo. Kwa wiki nzima likawa gumu kuwaka asubuhi. Stata inazunguka vizuri, injini haishiki. Ikishika, inakohoa na kuzima.

Siku hizo gumzo la mjini lilikuwa uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa, yaliyokuwa na bei nafuu hadi Serikali ilipopandisha ushuru wake mwaka 2011. Nikamtazama dereva wangu, nikajisemea: kikulacho ki nguoni mwako. Mbele ya wabeba mizigo nikamwambia, "Umeuza dizeli yangu, ukajaza mafuta ya taa."

"Tajiri, mimi sijauza kitu," alijibu kwa upole.

Tukamwita fundi mmoja mzee wa Gerezani. Hakugusa nozeli. Alichota dizeli ya tangi letu lenyewe, akaitia kwenye dumu, akaliweka juu kuliko injini na kuliunganisha na pampu kwa mpira mwingine. Akalegeza skrubu ya kutolea hewa kwenye filta, akapiga pampu ya mkono hadi mapovu yakaisha, akakaza. Stata moja tu, injini ikanguruma.

"Mafuta hayana kosa," alisema. "Tazama njia yake."

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa hushindiliwa silindani mpaka iwe na joto kali, kisha nozeli hurusha mafuta humo kwa nguvu, yakawaka yenyewe. Hewa ikiingia kwenye mafuta, pampu huishindilia hewa hiyo bure na nozeli haifunguki. Mpira wetu wa kutoka tangini ulikuwa na ufa karibu na klipu. Hapo mafuta huvutwa, hayasukumwi. Kwa hiyo ufa haukudondosha hata tone, bali ulifyonza hewa. Usiku mafuta yalirudi tangini.

Nilimwomba dereva radhi, lakini faraghani. "Yamekwisha, tajiri," alisema. Hayakwisha. Tangu siku hiyo, kila jioni alitumbukiza fimbo tangini, akaniletea nione ilipolowa, ndipo akaniaga. Nilimsihi aache, hakuacha.

Ndugu msomaji, wabeba mizigo wale walisikia tuhuma yangu. Radhi hawakuisikia.